Kuinua pembe za mdomo na kurekebisha pua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na simu za wagonjwa kabla na baada ya upasuaji ndizo zangu. Maswali haya ndiyo ninayoyasikia zaidi. Majibu ni ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari atakayeushika uso wako kwa mikono yake.

Kila mtu ananiuliza "mbona umenuna?" na mimi sijanuna. Tatizo ni nini?

Chini ya pembe ya mdomo kuna msuli mdogo wenye umbo la pembetatu. Umeshika kwenye taya, unapanda hadi kwenye pembe, na kazi yake ni kuivuta chini. Ndio unaoonekana mtoto anapojiandaa kulia. Kwa baadhi ya watu msuli huo una nguvu tangu kuzaliwa, na hao hata wakiwa na miaka 20 wanaonekana wamekasirika wakati wametulia tu.

Kwa wengine ni umri. Mafuta ya shavu hupungua na kuteremka, ngozi hulegea, na taya yenyewe husinyaa pale meno yalipong'oka. Hili la meno watu hulisahau. Aliyepoteza magego na hana meno ya bandia, mdomo wake hukunjamana pembeni mapema, na hakuna mshono utakaomsaidia kabla hajaonana na daktari wa meno.

Jipime mwenyewe mbele ya kioo. Weka kidole sentimita moja chini ya pembe ya mdomo, kisha kunja mdomo kama anayelazimishwa kumeza klorokwini. Ukisikia kitu kinakaza kama kamba chini ya kidole, msuli una mchango mkubwa. Ukisikia ngozi laini tu inayoning'inia, tatizo ni ngozi na mafuta. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba.

Upande mmoja tu umeshuka, tena ghafla.

Acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi. Mdomo ulioshuka upande mmoja, mkono usio na nguvu, maneno yasiyotoka vizuri: hicho kinaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ina thamani. Hata kama ni mshipa wa fahamu wa uso tu uliopooza, dawa za kundi la steroidi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Wengi wa waliopooza hivyo hupona wenyewe kwa wiki au miezi, kwa hiyo hakuna wa kukimbilia kisu hapo.

Lazima nipasuliwe? Sindano hazitoshi?

Kama kosa ni la msuli, botoksi kidogo, dawa ya kulegeza misuli, inayochomwa kwenye msuli ule huulegeza na pembe hupanda kiasi. Hudumu miezi 3 hadi 4, kisha unarudi. Wengi huianza kama jaribio: ukiipenda sura ile ndipo ufikirie kitu cha kudumu. Mchomaji akikosea milimita chache, dawa huingia msuli wa jirani unaoshusha mdomo wa chini, na utacheka mdomo ukiwa upande hadi dawa iishe.

Fila, ile jeli ya kujazia inayochomwa chini ya ngozi, hujaza bonde lililo chini ya pembe. Inasaidia pale nyama ilipopungua. Kwenye ngozi iliyozidi, fila huongeza uzito tu, na nimeona watu walioongezewa mara tatu wakatoka na mashavu ya puto na pembe zilezile.

Upasuaji wenyewe unafanywaje?

Huanza na kalamu, na mgonjwa huwa amekaa. Ukimlaza, mashavu hurudi nyuma kuelekea masikioni na pembe hupanda zenyewe, hivyo anayechora mgonjwa akiwa amelala anachora uso ambao hautakuwepo akisimama. Michoro hufanywa pia kabla ya ganzi, kwa sababu ganzi ikishaingia ngozi hujaa maji na mistari yote husogea. Daktari hupima pande zote mbili kwa rula ndogo ya chuma, na karibu kila mara pande hizo hazilingani. Hapo humpa mgonjwa kioo. Ni vizuri ujue mapema kwamba hukuwa sawasawa hata kabla ya kuguswa, maana baada ya hapo utajitazama kuliko ulivyowahi kujitazama.

Njia ya zamani ni kukata kipande kidogo cha ngozi juu tu ya pembe, chenye umbo la pembetatu au la mwezi mchanga, kisha kushona. Ngozi inayoondolewa ni milimita chache. Msuli hauguswi, ndiyo maana kwa mwenye msuli mkali matokeo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Tena mkato ukiongezwa kuelekea shavuni ili uvute zaidi, kovu linatoka nje ya mdomo na kuonekana.

Njia nyingine ilipata umaarufu Korea Kusini, katika kliniki za Seoul, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wakorea wana neno lao kwa pembe ya mdomo, nao huiita mkia. Madaktari wa huko walitaka pembe ipande hata mtu akiwa ametulia, kwa hiyo hawaishii kwenye ngozi: hulegeza pia nyuzi za msuli unaovuta chini, huishona pembe juu kidogo, na kuficha mshono kwenye mpaka wa rangi ya mdomo na kwa ndani. Wateja wao wengi ni vijana, si wazee. Kwa vijana hao picha za matangazo hunitia wasiwasi: zinaonyesha pembe zilizopanda sana, karibu kicheko cha kudumu. Mtu huyohuyo akienda msibani itakuwaje? Pembe zikizidishwa, uso unakuwa wa kinyago, na kushusha ni kugumu kuliko kupandisha. Daktari mwenye hekima huacha milimita moja mkononi.

Kwa kawaida hufanywa kwa ganzi, muda wa saa moja hivi.

Ni sawa na ule upasuaji wa kufupisha mdomo wa juu?

Hapana, na kuvichanganya kumewaponza wengi. Ule hukata ngozi chini ya pua na kuinua katikati ya mdomo wa juu. Katikati ikipanda na pembe zikibaki palepale, pembe huonekana zimeshuka zaidi kuliko zamani. Mwenye kununa akafanyiwa huo peke yake atarudi nyumbani amenuna zaidi.

Ngozi yangu ni nyeusi. Makovu je?

Kabla ya yote muulize daktari wako swali hili, na asipoliuliza yeye kwanza, hiyo nayo ni taarifa.

Keloidi, yale makovu yanayovimba na kuota nje ya mpaka wa jeraha, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Maeneo yake makuu ni ndewe za masikio, kifua, mabega na mstari wa taya. Mpaka wa mdomo na pua vyenyewe si maeneo yake makuu. Kwa hiyo mtu mwenye keloidi ya hereni hajafungiwa mlango moja kwa moja, ila lazima aseme.

Hatari iko mahali pengine. Upasuaji wa pua mara nyingi huhitaji gegedu (ile tishu ngumu inayopindika, kama ya sikio) la kuazima, na gegedu hilo hutoka sikioni au kwenye ubavu. Yaani pua inaweza kupona vizuri kabisa huku keloidi ikiota nyuma ya sikio au kifuani, mahali ambapo hukwenda kurembeshwa. Kama una alama kama hiyo mwilini, onyesha. Vua hijabu, fungua kifungo, mwonyeshe daktari. Huenda akachukua gegedu la ukuta wa kati wa pua peke yake, au akakushauri usifanye.

Kovu la kawaida la pembe ya mdomo hubaki jekundu au jeusi kwa miezi kadhaa. Jua hulizidisha weusi. Likianza kunyanyuka na kuwasha, rudi mapema. Sindano za steroidi kwenye kovu na vipande vya silikoni hufanya kazi vizuri likiwa changa.

Nikicheka, ncha ya pua inaanguka. Hiyo ni pua au ni mdomo?

Vyote viwili. Kuna msuli unaotoka chini ya pua, juu ya fizi za mbele, na kushika ncha. Ukicheka unajikaza na kuivuta ncha chini, na mdomo wa juu unafupika. Daktari anaweza kuukata au kuulegeza wakati wa upasuaji wa pua, au kuujaribu kwa botoksi kwanza. Hapa ndipo unapoona kwa nini mtu anayeuliza juu ya mdomo hupelekwa kutazamwa pua pia, na si kwamba kliniki inatafuta pesa tu. Ingawa wakati mwingine inatafuta.

Kupasua pua kwa nje na kwa ndani, ipi bora?

Kwa nje, daktari hukata mstari mdogo kwenye kijiti cha nyama kilicho kati ya mianzi miwili, akafunua ngozi ya pua juu na kuona gegedu zote wazi. Kwa ndani, mikato yote iko ndani ya mianzi. Ya nje huacha kovu dogo ambalo likishonwa vizuri ni vigumu kuliona, na uvimbe wa ncha hukaa muda zaidi. Kazi kubwa ya ncha, au pua iliyokwisha kupasuliwa, wengi huifanya kwa nje. Kuondoa kinundu kidogo kwenye mwamba wa pua kunaweza kufanywa kwa ndani. Chagua daktari, njia mwachie yeye.

Pua yangu ni pana na fupi. Nataka nyembamba.

Pua ina mfupa sehemu ya juu tu, theluthi moja hivi. Kuanzia hapo kushuka ni gegedu, na juu ya gegedu ni ngozi. Pua nyingi za kwetu zina mfupa mfupi, mwamba ulio chini, gegedu laini za ncha na ngozi nene yenye mafuta. Mbinu zilizoandikwa kwa ajili ya pua ndefu za Ulaya zilikuwa za kupunguza: kwangua kinundu, vunja mfupa, kata gegedu. Ukiipunguza pua iliyo chini tayari, haitokei nyembamba. Inatokea bapa zaidi, maana ngozi nene imepoteza nguzo yake.

Kwa hiyo kazi huwa ya kuongeza. Daktari hujenga mwamba juu kidogo na kusimamisha ncha kwa kijiti cha gegedu, na pua ikiinuka, upana hupungua machoni bila kukatwa chochote. Ni kama turubai: ukiinua nguzo ya kati, pembe zinajivuta zenyewe.

Baada ya hapo ndipo hutazamwa mabawa, zile nyama za pembeni. Kukata kipande kidogo kwenye shina la bawa ni mbinu ya zamani, Robert Weir wa New York aliieleza mwaka 1892. Ni kazi ya dakika chache, na pengine ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ukikata kupita kiasi, mwanzi unakuwa tundu dogo lenye pembe kali, na pumzi inabana. Nyama iliyokwenda hairudi. Nimemsikia daktari mmoja akimwambia msichana, "Nikikuachia pana kidogo, utarudi nikukate tena. Nikizidisha, utarudi ulie." Nadhani hilo ni jibu zima.

Ngozi nene haifichi makosa tu, inaficha na kazi nzuri. Usitegemee ncha kali kama ya picha uliyokuja nayo.

Silikoni au gegedu langu mwenyewe?

Silikoni ni rahisi, huchongwa mezani, na haiongezi jeraha jingine. Asia Mashariki imetumika sana. Ubaya wake ni kwamba ni mgeni mwilini hata ikikaa miaka 15: inaweza kuhama, kuambukizwa, au kusukuma ngozi ya ncha mpaka ikachungulia nje. Ukiona ncha ya pua yenye silikoni imekuwa nyekundu na nyembamba, usisubiri.

Gegedu lako halikataliwi na mwili. La ukuta wa kati ndilo la kwanza kutafutwa, lakini halichukuliwi lote: daktari lazima abakize fremu yenye umbo la herufi L, upana wa angalau sentimita moja, la sivyo pua itabonyea. La sikio ni laini na lina mkunjo. La ubavu ni jingi na gumu, ila linaweza kupinda baadaye, na linakuja na kovu la kifuani tulilokwisha kulizungumza. Siku hizi wapo wanaoweka silikoni kwenye mwamba tu na gegedu kwenye ncha.

Kuna fila ya pua, "bila kisu". Ina hatari gani?

Mishipa ya damu ya pua imeungana na ile ya jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuua ngozi ya pua, na inaweza kupofusha. Si jambo la kila siku, lakini likitokea, muda wa kuokoa jicho ni mfupi mno. Fila ya asidi ya hayaluroniki ina dawa ya kuiyeyusha. Uliza kama iko pale chumbani, ndani ya friji, kabla sindano haijafunguliwa. Saluni isiyojua unazungumzia nini, toka.

Kwenye selfi pua yangu ni kubwa sana.

Kila mtu ni hivyo. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huikuza pua kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na picha ya mita moja na nusu. Mpe mtu simu akupige akiwa mbali, halafu tuongee.

Umri gani?

Pua isubiri uso umalize kukua: wasichana miaka 15 au 16, wavulana 17 hivi, na ridhaa ya mzazi. Pembe za mdomo kwa mtoto wa shule, sioni sababu.

Naweza kufanya pua na mdomo siku moja?

Pua na pembe za mdomo, mara nyingi ndiyo, maana ziko mbali vya kutosha. Kupunguza mabawa pamoja na kufupisha mdomo wa juu ni habari nyingine: mikato yote iko kwenye shina la pua, inagawana damu ileile na kuvutana. Madaktari wengi huviachanisha kwa miezi. Pua ya kujengwa kwa kawaida ni nusu kaputi, kwa hiyo hata kama mdomo ulikuwa wa ganzi, siku hiyo utalazwa usingizi na hutakula kuanzia usiku wa kabla yake.

Nijiandae vipi?

Acha sigara na shisha wiki 4 kabla na 4 baada; moshi hunyima jeraha damu. Taja dawa zote, pamoja na za kienyeji na vidonge vya kitunguu saumu. Aspirini na ibuprofeni huongeza kutoka damu, lakini aspirini ya moyo usiiache kwa ushauri wangu, muulize aliyekuandikia. Mwenye kisukari au presha aidhibiti kwanza.

Siku za kupona zikoje?

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kwa sura. Macho yanavimba, chini yake panakuwa na rangi ya zambarau, na unapumua kwa mdomo, kwa hiyo midomo inakauka na koo linauma. Maumivu si makali kama watu wanavyodhani. Kinachowashinda ni kubanwa pumzi usiku. Lala mito miwili au mitatu, kichwa juu. Usipenge kamasi. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Vaa nguo za vifungo, usivute fulana kichwani. Miwani isikae juu ya pua kwa wiki kadhaa. Wapo wanaoining'iniza kwenye paji kwa plasta, wanachekesha lakini inafanya kazi.

Kifuniko kigumu kinachowekwa juu ya pua hutolewa baada ya wiki moja hivi. Usijitazame siku hiyo ukitoa hukumu. Uvimbe mwingi hupungua kwa wiki chache, na uliobaki, hasa kwenye ncha na hasa kwa ngozi nene, huchukua mwaka au zaidi. Ndiyo maana marekebisho hayafanywi kabla ya miezi 12. Na marekebisho yapo: vitabu vya fani hutaja asilimia 5 hadi 15 ya waliofanyiwa pua.

Wa mdomo ana kazi ndogo zaidi. Uji, supu ya vuguvugu, wali laini. Asipanue mdomo kwa baga wala mahindi ya kuchoma, asicheke kwa nguvu, na nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Miayo ni adui; bana pembe kwa vidole viwili ikikujia.

Damu inayotiririka bila kukoma, homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua: piga simu usiku huohuo.

Dini inaruhusu?

Hilo ni la shehe au mchungaji wako. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha kurekebisha dosari na kubadili maumbile kwa kutaka urembo tu, na hutaja hadithi ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akavaa pua ya fedha ikanuka, Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Aliyeharibika kwa ajali, kuungua au kupooza ana swali tofauti na wa selfi. Daktari naye huwapokea tofauti.

Na wasemao haya ni mambo ya Wazungu wajue kwamba Wazungu nao walijifunza. India pua zilizokatwa kama adhabu zilikuwa zikijengwa upya karne nyingi kabla. Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari ya mwendesha mkokoteni wa Kihindi aliyejengewa pua kwa ngozi ya paji la uso, na Joseph Carpue akaijaribu njia hiyo London mwaka 1814.

Nitamjuaje daktari wa kweli?

Tafuta jina lake kwenye orodha ya baraza la madaktari: Kenya ni KMPDC, Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Usitafute tu kama ni daktari, tafuta ubingwa wake ni wa nini. Bingwa wa upasuaji rekebishi, au wa masikio, pua na koo aliyejifunza pua za nje, wote wanafaa. Omba picha za wagonjwa wake wenye pua na ngozi kama yako, zilizopigwa baada ya mwaka, si baada ya wiki mbili. Muulize amefanya pembe ngapi za mdomo. Ni upasuaji ambao si wengi kwetu wanaoufanya, na jibu la "chache" lililo la kweli ni bora kuliko "nyingi sana".

Ukienda nje, Seoul au Istanbul, panga kukaa hadi kifuniko na nyuzi zitolewe, na ukubaliane mapema nani atakuona huku nyumbani ukipata shida. Bima usiitegemee kwa urembo. Ukuta wa kati uliopinda na kuziba pumzi ni jambo jingine, ulizia.

Nyuzi zimetoka. Naweza kupaka lipstiki lini?

Jeraha likishafunga kabisa, bila gaga wala unyevu, kwa wengi ni wiki ya pili. Nunua mpya. Ile ya zamani ina vijidudu vya mwaka mzima, na nimeshaona pembe moja nzuri ikiota usaha kwa sababu ya kijiti cha lipstiki alichoazima kwa dada yake siku ya kitchen party.